Kukaimu kusikokoma: Jinsi miezi sita ya sheria inavyogeuka miaka

KATIKA ofisi nyingi za serikali humu nchini, kuna neno moja fupi ambalo hutangulia cheo cha mkubwa wa idara na kudumu hapo kana kwamba ni sehemu ya jina lake. Neno hilo ni ‘kaimu’. Huandikwa mlangoni, kwenye barua rasmi na katika taarifa kwa wanahabari.

Kwa kawaida ya sheria, neno hilo halifai kukaa mlangoni kwa zaidi ya nusu mwaka. Hata hivyo, mara nyingi limekaa mwaka mzima, miwili na hata karibu minne.

Wananchi wengi hawalipi uzito. Kwao, mradi kuna mtu ofisini wa kutia sahihi, haijalishi anaitwa kaimu au mkurugenzi kamili. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya anayekalia kiti chake na anayekalia kiti cha kuazima. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo, na wadhifa wa kuazima vilevile haumsitiri anayeuvaa wala wale anaowahudumia.

Makala haya yanaeleza sheria inasema nini kuhusu kukaimu, kwa nini muda huo hurefushwa, nani hunufaika, nani huumia, na mtumishi au mwananchi anaweza kufanya nini.

Sheria inasemaje

Mtumishi wa umma hukaimu anapotwikwa kwa muda majukumu ya wadhifa ulio juu ya cheo chake. Huenda mwenye wadhifa amestaafu, amefariki, amejiuzulu, amesimamishwa kazi au yuko katika likizo ndefu. Anayekaimu hufanya kazi zote za ofisi hiyo, lakini katika kumbukumbu za mwajiri angali katika cheo chake cha awali.

Kifungu cha 234 cha Katiba iliyozinduliwa Agosti 2010 kinaipa Tume ya Utumishi wa Umma (PSC) mamlaka ya kuteua watu wa kushikilia au kukaimu nyadhifa katika utumishi wa umma, na kuwathibitisha kazini. Kifungu cha 232 nacho kinataka uteuzi na upandishaji vyeo ufanywe kwa ushindani wa haki na kwa kuzingatia ustahili.

Kanuni hizo zilifafanuliwa zaidi na Sheria ya Tume ya Utumishi wa Umma ya mwaka wa 2017. Kifungu cha 34 cha sheria hiyo kinaweka masharti matatu muhimu.

Kwanza, anayemteua mtu kukaimu sharti awe ndiye mwenye mamlaka ya kisheria ya kuteua. Pili, anayeteuliwa sharti awe na sifa zote zinazohitajika kwa wadhifa huo. Tatu, muda wa kukaimu hauwezi kupungua siku 30 wala kuzidi miezi sita.

Mantiki ya mipaka hiyo miwili si ngumu kuiona. Mkubwa akienda likizo ya wiki mbili hakuna haja ya kuandika barua ya uteuzi. Mwenzake atamshikia kazi. Nayo miezi sita ni muda wa kutosha kutangaza nafasi, kupokea maombi, kuwahoji waliofuzu na kumteua anayestahili.

Kwa maneno mengine, kukaimu kuliwekwa kuwa daraja la kuvukia. Daraja hujengwa ili watu wafike ng’ambo, si ili wahamie na kuishi juu yake.

Aidha, inafaa kulinganisha kifungu hicho na kingine kinachofanana nacho. Sheria ya Uajiri ya mwaka wa 2007, katika kifungu cha 42, inasema muda wa majaribio kazini usizidi miezi sita, lakini inaruhusu uongezwe kwa miezi mingine sita iwapo mwajiriwa atakubali. Bunge lilipotaka kuruhusu nyongeza, lilisema hivyo waziwazi. Katika mipaka ya muda wa kukaimu iliyowekwa mwaka wa 2017, hakuna maneno ya namna hiyo.

Mwongozo wa sera za wafanyakazi uliotolewa na PSC mnamo Mei 2016 ulikuwa tayari umefuata mkondo huohuo katika upande wa fedha. Uliweka marupurupu ya kukaimu kuwa asilimia 20 ya mshahara wa msingi wa mhusika, na ukaeleza kuwa marupurupu hayo hayalipwi kwa zaidi ya miezi sita.

Kwa mtumishi ambaye hajatimiza sifa za wadhifa anaoushikilia, mwongozo huo ulitumia jina tofauti, yaani majukumu maalumu, na malipo yake yakawa asilimia 15, pia kwa muda usiozidi miezi sita. Watumishi wengi huchanganya mambo haya mawili, na hugundua tofauti wanapotazama hati ya malipo mwisho wa mwezi.

Inawezekana kutimiza

Kuna wanaodai kuwa miezi sita ni muda mfupi mno kwa serikali. Ushahidi hauwaungi mkono kila mara.

David Maraga alipostaafu kama Jaji Mkuu mnamo Januari 2021, Naibu wake Philomena Mwilu alichukua usukani kwa muda. Sheria ya Huduma za Mahakama inaruhusu naibu kukaimu kwa muda usiozidi miezi sita. Katika kipindi hicho, nafasi ilitangazwa, waliotuma maombi walihojiwa hadharani, na Bunge likampiga msasa aliyependekezwa. Martha Koome aliapishwa Mei 21, 2021, kabla ya miezi mitano kutimia.

Vivyo hivyo, Rispah Simiyu alikaimu kama Kamishna Mkuu wa Mamlaka ya Ushuru Nchini (KRA) kuanzia Februari 2023 baada ya Githii Mburu kujiuzulu. Mnamo Agosti mwaka huohuo, Humphrey Wattanga aliteuliwa kushika wadhifa huo. Hiyo ilikuwa takriban miezi sita.

Ikiwa nyadhifa nzito kama hizo zinaweza kujazwa kwa wakati, msomaji ana haki ya kuuliza ni kwa nini nyingine hushindikana.

Palipochelewa

Mfano unaokumbukwa na wengi ni wa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC). Aliyekuwa Afisa Mkuu Mtendaji, Ezra Chiloba, alitumwa katika likizo ya lazima mwaka wa 2018, na baadaye mwaka huo akaondolewa. Marjan Hussein Marjan ndiye aliyeachiwa mikoba kama kaimu. Aliishikilia hivyo hadi Machi 2022 alipothibitishwa, miezi mitano tu kabla ya uchaguzi mkuu wa Agosti 9, 2022.

Bandarini Mombasa, Daniel Manduku alijiuzulu kama Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Bandari Nchini (KPA) mnamo Machi 2020. Rashid Salim aliteuliwa kukaimu. Katikati ya mwaka wa 2021, John Mwangemi alimrithi, naye pia akiwa kaimu. Haikuwa hadi mwaka wa 2023 ambapo Kapteni William Ruto, ambaye ana jina sawa na la Rais, alipewa wadhifa huo.

Hali haikuwa tofauti katika kampuni ya umeme ya Kenya Power, ambayo serikali ndiyo mwenye hisa nyingi zaidi. Bernard Ngugi alipoondoka Agosti 2021, Rosemary Oduor alikaimu, kisha Geoffrey Muli akakaimu baada yake, hadi Joseph Siror alipoteuliwa Mei 2023.

Si lazima kila mmoja wa mifano hii uhesabiwe kuwa uvunjaji wa kifungu cha 34. IEBC ni tume huru yenye sheria yake, na mashirika ya serikali huongozwa pia na sheria na kanuni zake. Hata hivyo, mifano hiyo inaonyesha jinsi taasisi zenye kubeba uchaguzi, biashara ya nje na umeme wa taifa zinavyoweza kuendeshwa kwa miaka na watu ambao hakuna aliyesema rasmi kuwa ndio wenye kazi.

Chanzo cha kuchelewa

Sababu za kurefusha muda wa kukaimu ni nyingi, na si zote zenye nia mbaya.

Ya kwanza ni kwamba kiti huenda kisiwe wazi kisheria. Mkurugenzi akisimamishwa kazi kusubiri uchunguzi au kesi mahakamani, bado ndiye mwenye wadhifa hadi aondolewe kwa utaratibu. Kifungu cha 236 cha Katiba kinamlinda mtumishi wa umma dhidi ya kufutwa kazi bila utaratibu wa haki. Kesi ikichukua miaka miwili, kaimu naye hukaa miaka miwili.

Ya pili ni udhaifu wa chombo kinachoteua. IEBC ilianza mwaka wa 2017 ikiwa na makamishna saba, lakini baada ya kujiuzulu kwa wanne ilibaki na watatu pekee kuanzia Aprili 2018 hadi Septemba 2021, wanne wapya walipoapishwa. Ni vigumu kwa tume iliyopungukiwa na wanachama kiasi hicho kuajiri afisa wake mkuu bila uamuzi wake kutiliwa shaka. Marjan alithibitishwa miezi michache tu baada ya tume kujaa. Vivyo hivyo, bodi ya shirika ambayo muda wa wanachama wake umemalizika haiwezi kuajiri hadi bodi mpya iundwe.

Ya tatu ni kesi. Mara nyingi nafasi hutangazwa, mahojiano hufanywa, kisha mtu mmoja asiyeridhika hukimbilia mahakamani na kupata agizo la kusimamisha shughuli nzima. Kumlaumu kwa kutetea haki yake si sawa, lakini kesi hizo huzuka zaidi pale mwajiri alipofanya mambo kwa siri au kwa pupa.

Ya nne ni fedha. Serikali inapositisha uajiri ili kupunguza matumizi, kumkaimisha mtu huonekana kuwa nafuu. Asilimia 20 ya mshahara wa naibu ni pesa kidogo kuliko mshahara kamili wa mkurugenzi mpya.

Ya tano, ambayo husemwa kwa sauti ya chini, ni siasa. Aliye kaimu anaweza kuondolewa kwa barua ya mistari miwili. Hahitaji kupewa notisi ndefu, kuundiwa kesi ya nidhamu wala kulipwa fidia ya kandarasi. Kwa mkubwa anayetaka ofisi iliyo chini yake iwe sikivu, hakuna mtumishi bora kuliko yule anayejua kuwa kesho yake iko mkononi mwa mtu mmoja.

Hapo ndipo lilipo tatizo kuu. Kurefusha muda wa kukaimu huonekana kama kutofanya uamuzi wowote. Kwa hakika ni uamuzi, ila hautangazwi, hauandikiwi sababu na hakuna anayeuwajibikia.

Nani anaumia

Wa kwanza kuumia ni kaimu mwenyewe. Chukulia afisa ambaye mshahara wake wa msingi ni Sh60,000. Kwa kiwango cha asilimia 20, atapata Sh12,000 zaidi kila mwezi, sawa na Sh72,000 kwa miezi sita. Akikaimu kwa miaka miwili huku mwajiri akisimamisha marupurupu baada ya miezi sita, atakuwa amefanya kazi ya mkubwa kwa miezi 18 bila nyongeza. Hizo ni Sh216,000.

Isitoshe, malipo ya uzeeni hutegemea mshahara wa msingi wa cheo alichothibitishwa, si marupurupu ya kukaimu. Kwa kuwa umri wa kustaafu katika utumishi wa umma ni miaka 60, afisa anayekaimu akiwa na miaka 57 na kufikisha 60 bila kuthibitishwa huenda nyumbani na pensheni ya cheo cha chini, ilhali aliongoza idara nzima.

Wala kukaimu kwa muda mrefu hakumgeuzi mtu kuwa mwenye cheo moja kwa moja. Kwa kuwa Katiba inadai ushindani, nafasi ikitangazwa atapanga foleni pamoja na wengine. Akishindwa, atarudi kwenye dawati lake la zamani, akiongozwa na mgeni ambaye yeye mwenyewe atatakiwa kumfunza kazi.

Pamoja na hayo, wajibu wake haupungui hata kidogo. Jambo hili lilidhihirika Septemba 13, 2024, Mahakama Kuu ilipomhukumu Gilbert Masengeli, aliyekuwa akikaimu kama Inspekta Jenerali wa Polisi, kifungo cha miezi sita kwa kudharau mahakama. Alikuwa amekosa kufika mara kadhaa kueleza waliko watu watatu waliotoweka Kitengela. Hukumu hiyo iliondolewa siku chache baadaye alipofika na kuomba radhi. Funzo lilibaki: mbele ya sheria, kaimu hubeba mzigo wote wa ofisi.

Wa pili kuumia ni walio chini yake. Naibu anapokaimu kama mkurugenzi, mtu mwingine hukaimu kama naibu, na mwingine hukaimu nafasi ya huyo. Kiti kimoja kisichojazwa juu kinaweza kuzaa makaimu watatu au wanne chini. Kila mmoja wao hufanya kazi akiwa na wasiwasi, na vijana waliosubiri kupanda ngazi husubiri bila kujua ni lini.

Wa tatu ni mwananchi. Mtu asiyejua kama atakuwepo mwezi ujao huogopa kutia sahihi zabuni ya miaka mitano, kumwadhibu mfisadi mwenye jamaa wakubwa au kubadilisha mfumo mbovu. Huchagua njia salama, nayo ni kuahirisha. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na matumbo yanayoumia hapa ni ya mfanyabiashara ambaye kontena lake limekwama, ya mkulima anayesubiri umeme na ya mlipa ushuru.

Upande wa pili wa shilingi

Hata hivyo, lingekuwa kosa kudhani kwamba dawa ni kumfukuza kaimu ofisini siku miezi sita inapotimia. Kiti kitupu kinaweza kuwa na madhara makubwa kuliko kiti cha kuazima.

Kenya ilijionea haya katika Ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Muhula wa Edward Ouko ulimalizika Agosti 2019. Mrithi wake, Nancy Gathungu, aliapishwa Julai 2020. Kwa karibu miezi 11, hapakuwa na mtu mwenye mamlaka ya kutia sahihi ripoti za ukaguzi. Wakaguzi waliendelea kuzunguka wizarani na katika kaunti, lakini ripoti zao hazingeweza kuidhinishwa na kufikishwa Bungeni kama inavyotakiwa.

Vilevile kuna nyakati ambapo kumbadilisha kiongozi si busara. Rashid Salim alipokabidhiwa usimamizi wa bandari Machi 2020, nchi ilikuwa ndio kwanza imetangaza kisa cha kwanza cha Covid-19. Ni nani angelaumu bodi kwa kutaka mtu anayeifahamu bandari aendelee kwa muda huku mahojiano ya ana kwa ana yakiwa hatari?

Kwa hivyo, suala halipaswi kuwa kama nyongeza inaweza kuhitajika. Wakati mwingine inahitajika. Suala ni nani anayeitoa, kwa sababu gani, kwa muda gani, na je, umma unaambiwa?

Marekani, kwa mfano, ina sheria ya mwaka wa 1998 kuhusu nyadhifa zinazohitaji kuidhinishwa na Seneti. Kwa kawaida mtu hukaimu kwa siku 210 baada ya nafasi kuwa wazi. Rais akipeleka jina Seneti, kaimu huruhusiwa kuendelea wakati jina hilo likijadiliwa. Muda ukiisha bila jina kupelekwa, majukumu ambayo sheria imemwachia mwenye wadhifa pekee hayawezi kutekelezwa na kaimu, na akiyatekeleza hayana nguvu ya kisheria.

Sheria hiyo imekiukwa na kuzungukwa mara kadhaa, lakini ina fikra moja ya maana: nyongeza hupatikana kwa kuonyesha kuwa umeanza kumtafuta mwenye wadhifa. Anayeketi bila kufanya lolote hapati nyongeza.

Si ofisi kubwa pekee

Maradhi haya hayapatikani kwenye ofisi za ghorofani pekee. Huko chini hujitokeza kwa jina jingine, yaani kandarasi ya muda inayoongezwa kila inapokaribia kwisha.

Mnamo 2020, Wizara ya Afya iliajiri maelfu ya wahudumu wa afya kwa kandarasi za miaka mitatu chini ya mpango wa afya kwa wote. Zilipofika kikomo mwaka wa 2023 ziliongezwa, ilhali kazi yenyewe, ya kuwatibu wagonjwa katika zahanati na hospitali za kaunti, haikuwa ya muda. Mwaka wa 2025 wengi wao walipiga kambi nje ya Afya House jijini Nairobi wakidai ajira ya kudumu.

Walimu wa sekondari za msingi nao walipitia hayo. Tume ya Kuajiri Walimu (TSC) iliwaajiri zaidi ya walimu 20,000 mwaka wa 2023 kama wanagenzi, kwa malipo ya Sh20,000 kwa mwezi kabla ya makato na kwa muda wa mwaka mmoja. Muda ulipoongezwa kwa mwaka mwingine, walifika mahakamani na hatimaye wakagoma. Mnamo Aprili 2024, Mahakama ya Ajira na Leba iliamua kwamba kuwaajiri walimu waliohitimu na kusajiliwa kama wanagenzi kulikiuka haki yao ya kutendewa haki kazini, ambayo imo katika kifungu cha 41 cha Katiba. Mapema 2025, maelfu yao walipewa ajira ya kudumu.

Kifungu cha 37 cha Sheria ya Uajiri nacho kina kinga kwa kibarua wa kawaida. Akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja, au akipewa kazi ambayo kwa kawaida haiwezi kumalizika chini ya miezi mitatu, hahesabiwi tena kuwa wa kutwa, bali wa mwezi, na hupata kinga zinazoandamana na hadhi hiyo.

Katika vifungu hivi vyote, wazo ni lilelile ambalo Waswahili walilijua kabla ya kuwepo kwa Bunge: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ukimpa mtu jembe alime shamba lako mwaka baada ya mwaka, huwezi kuendelea kumwita mgeni.

La kufanya

Mtumishi anayetakiwa kukaimu asikubali kwa maneno matupu. Adai barua inayotaja wadhifa, tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza, na kama anakaimu au anatekeleza majukumu maalumu. Barua itoke kwa mwenye mamlaka ya kuteua. Barua iliyotoka kwa asiye na mamlaka hayo inaweza kumponza ikifika siku ya kudai malipo.

Mwezi wa tano ukianza, amwandikie mwajiri kumkumbusha tarehe ya mwisho na kuuliza kama nafasi imetangazwa. Ahifadhi nakala. Nafasi ikitangazwa, atume maombi kama mtu mwingine yeyote. Asidhani kuwa kiti ni chake kwa kuwa amekipasha joto.

Akinyimwa haki yake, anaweza kulalamika kwa PSC au chombo kingine kinachosimamia utumishi wake, na hatimaye kufika mahakamani. Asichelewe. Sheria ya Uajiri inaweka miaka mitatu kuwa muda wa kawaida wa kuwasilisha madai yanayotokana na mkataba wa kazi.

Mwajiri kwa upande wake ana njia rahisi ya kuepuka aibu. Tarehe za kustaafu hujulikana miaka mingi kabla. Afisa anayetimiza miaka 60 mwezi wa Desemba hafai kuishangaza idara yake mwezi wa Januari. Nafasi ikitangazwa kabla hajaondoka, huenda kusihitajike kaimu kabisa.

Nyongeza inapokosa budi, itolewe kwa maandishi, itaje sababu na tarehe ya mwisho, na itangazwe. Bunge nalo lina silaha. Chini ya kifungu cha 234 cha Katiba, PSC hutathmini na kumripotia Rais na Bunge jinsi maadili ya utumishi wa umma yanavyozingatiwa, na suala la wanaokaimu kupita muda limekuwa likijitokeza katika ripoti hizo. Kamati za Bunge zinaweza kumtaka kila mkuu wa shirika aeleze, jina kwa jina, kwa nini nyadhifa chini yake hazijajazwa.

Mwananchi naye asijione mtazamaji. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 vinampa haki ya kuuliza ofisi yoyote ya umma: mkuu wenu amekaimu tangu lini? Nafasi ilitangazwa lini? Ni nani aliyeidhinisha nyongeza? Ofisi inapaswa kumjibu katika muda wa siku 21, na isipofanya hivyo anaweza kufikisha malalamishi kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Maswali hayo matatu hayagharimu chochote zaidi ya karatasi na kalamu. Yakiulizwa na wengi, huenda waliozoea kurefusha kimyakimya wakalazimika kuchagua: kumthibitisha aliye ofisini, au kumtafuta mwingine kwa ushindani wa haki. Lolote kati ya hayo mawili ni bora kuliko kuacha neno ‘kaimu’ lizeekee mlangoni.